Jina na Tendo: Uhakiki wa Matayarisho ya Mtihani wa Fundi wa Kompyuta

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuhakiki aina ya maandishi ambayo wahakiki wa Kiswahili hawajazoea kuitazama: vitabu na maelezo yanayomtayarisha kijana kwa mtihani wa kwanza wa ufundi wa kompyuta. Huenda msomaji akauliza mambo hayo yanaihusuje idara ya lugha. Jibu letu ni fupi. Maandishi hayo yana msemaji na msomaji aliyekusudiwa. Yana mandhari, wahusika na migogoro. Tena yana lugha iliyoteuliwa kwa makusudi. Palipo na mambo hayo pana kazi ya mhakiki, hata kama mwandishi wake hakudhamiria kuandika fasihi.

Ili uhakiki huu usielee hewani, tutamweka mbele yetu msomaji wa mahali maalumu, yaani kijana wa Kabati. Kabati ni kituo cha biashara katika Kitui Magharibi, kwenye barabara itokayo mjini Kitui kwenda Migwani na Mwingi. Kijana wa huko huishi ndani ya lugha tatu. Kikamba ndicho cha nyumbani, Kiswahili ni cha sokoni na safarini, na Kiingereza ni cha darasani. Mtihani tunaouzungumzia unamtaka aje na lugha ya tatu peke yake. Lakini kazi atakayoifanya akishafaulu, ya kumsikiliza mwenye duka, mwalimu au karani aliyeharibikiwa na mashine, ataifanya kwa sehemu kubwa katika lugha mbili za kwanza.

Hoja yetu kuu ni hii. Kwa muda mrefu wanaoshughulikia Kiswahili cha kompyuta wamelichukua tatizo kuwa ni la majina: kifaa hiki tukiiteje, na kile tukiiteje. Ukiuchunguza mtihani wenyewe utaona kwamba moyo wake hauko katika majina bali katika vitenzi, yaani katika lugha ya kueleza hitilafu, kukisia chanzo chake, kukijaribu na kuthibitisha. Katika uwanja huo Kiswahili si maskini hata kidogo. Umaskini uko katika matayarisho yasiyokitumia.

2. Mtihani wenyewe

Tumeteua mtihani wa A+ unaotolewa na CompTIA. CompTIA ilianzishwa Marekani kama chama mwaka 1982, na hati ya A+ ilianza kutolewa mwaka 1993. Zipo njia nyingine nchini Kenya, kama vile mitihani ya Baraza la Mitihani la Taifa, KNEC, na mafunzo ya vyuo vinavyosimamiwa chini ya Sheria ya mwaka 2013 ya elimu na mafunzo ya ufundi. Hata hivyo A+ inafaa kwa uhakiki kwa sababu muhtasari wake umewekwa wazi kwa umma, na kila mtu anaweza kuupima.

Hati hiyo haipatikani kwa mtihani mmoja bali miwili. Toleo lililoanza tarehe 25 Machi 2025 lina mtihani nambari 220-1201 na mtihani nambari 220-1202. Kila mmoja una maswali yasiyozidi 90, ambayo hujibiwa kwa dakika 90. Alama hutolewa kwa kipimo cha 100 hadi 900. Wa kwanza hupitwa kwa 675, na wa pili kwa 700. Hati hudumu kwa miaka 3, kisha mwenyewe hana budi kuihuisha. Kila mtihani una ada yake, na anayeanguka hulipa tena akitaka kurudia. Kwa hiyo kulisoma vibaya neno moja ni jambo lenye bei, na kwa kijana ambaye ada yake imetoka katika mauzo ya mbuzi au pojo, bei hiyo si ndogo.

Tuutazame mgawanyo wa alama. Katika mtihani wa kwanza, vifaa vyenyewe vimepewa asilimia 25, mitandao 23, vifaa vya mkononi 13, na kompyuta za kuigizwa pamoja na huduma za mbali 11. Asilimia 28 zilizobaki, ambazo ndizo nyingi kuliko zote, ni za kutafuta na kuondoa hitilafu. Katika mtihani wa pili, mifumo ya uendeshaji ina asilimia 28, usalama 28, hitilafu za programu 23, na taratibu za kazi 21. Maana ya takwimu hizi ni dhahiri. Anayejua jina la kila kipande cha mashine, lakini hawezi kufuata mwendo wa hitilafu kutoka dalili hadi chanzo, ameacha zaidi ya robo ya mtihani wa kwanza na karibu robo ya ule wa pili.

3. Maudhui: nani yumo ndani ya kitabu?

Kitabu cha kawaida cha matayarisho kina ulimwengu wake. Wahusika ni waajiriwa wa ofisi kubwa. Wana dawati la msaada wanaloweza kulipigia simu. Wana bohari ya vipuri. Sakafu yao imefunikwa zulia. Fundi huvaa beji, na kila analolifanya huliingiza katika daftari la kampuni. Kijana wa Kabati anapousoma ulimwengu huo, jambo la kwanza analojifunza ni kwamba yeye hayumo.

Lakini mhakiki asikomee kwenye malalamiko hayo, kwa sababu kukomea hapo ni kusoma nusu. Ukiivua hadithi hiyo mavazi yake utakuta kwamba maudhui ya mtihani yanamhusu sana mtu wa Ukambani, pengine kuliko yanavyomhusu karani wa ofisi yenye zulia. Chukua mfano wa umemetuli, ule unaorukia kifaa kutoka katika kidole cha mtu na kuweza kukiua pasipo hata cheche kuonekana. Mtihani unataka mtahiniwa ajue kwamba hewa kavu huuzidisha na unyevu huupunguza. Kitui ni nchi kame, na kiangazi chake ni kirefu. Kwa hiyo kanuni ya kugusa chuma kilichounganishwa na ardhi, au kufunga kamba ya kifundoni, kabla ya kushika kipande cha ndani ya mashine, ni kanuni ya hapo hapo Kabati.

Au chukua vumbi. Katika sehemu ya taratibu za kazi mtihani unashughulikia joto, unyevu, uingizaji wa hewa na usafishaji wa vumbi. Vumbi likijaa katika feni na katika mapezi ya chuma yanayopoza prosesa, joto hupanda, na mashine hujizima ili isiungue. Nani atafundishwa jambo hilo kwa urahisi zaidi kuliko mtu ambaye duka lake linatazama barabara ya vumbi?

Vivyo hivyo kuhusu umeme. Muhtasari unamtaka mtahiniwa atofautishe umeme wa volti 110 hadi 120 na ule wa volti 220 hadi 240. Kenya hutumia volti 240, na Marekani 120. Baadhi ya kompyuta za zamani zina swichi ndogo nyuma ya kisanduku kinachogawa umeme. Ikiwa imeachwa kwenye kipimo cha Marekani, na mashine ikachomekwa Kabati, kisanduku hicho huungua. Tena kuna tofauti kati ya kifaa kinachozuia umeme uliopanda ghafula na kifaa chenye betri kinachoendelea kutoa umeme kwa dakika kadhaa baada ya stima kupotea. Cha kwanza hakina msaada wowote stima ikipotea. Mfanyabiashara anayeuziwa kimoja akidhani ni kingine atakuja kulijua hilo siku kazi yake itakapopotea kabla ya kuhifadhiwa.

Kwa hiyo maudhui si mageni. Mandhari ndiyo mageni, na mandhari yameyaficha maudhui. Kazi ya mwalimu ni kuyafichua.

4. Fani: swali kama kisa kifupi

Tukiingia katika fani, tunaona kwamba swali la mtihani huu ni kisa kifupi chenye kanuni kali. Kwanza huingia mtumiaji mwenye shida. Pili hutajwa dalili. Tatu, mara nyingi, hutajwa jambo ambalo limekwisha jaribiwa. Ndipo huja swali, na ndani ya swali huwamo neno moja lenye kutawala yote: fundi afanye nini *kwanza*, au *baadaye*, au lipi ni *bora kuliko yote*, au lipi *lina uwezekano mkubwa zaidi*.

Tutunge mfano wetu wenyewe. Mwalimu mkuu anasema kompyuta ya ofisi yake haiingii katika intaneti tangu asubuhi. Fundi afanye nini kwanza? Majibu ni haya: (a) abadilishe kadi ya mtandao, (b) aandike aliyoyafanya na matokeo yake, (c) amwulize mwalimu mkuu kama kuna kitu kilichobadilishwa tangu jana, (d) aweke mfumo wa uendeshaji upya. Msomaji atazame kwamba hakuna hata moja ambalo fundi hawezi kulifanya katika maisha yake ya kazi. Yote manne ni matendo halali. Linaloyatenganisha ni mpangilio, na mpangilio huo unabebwa na neno “kwanza”.

Nyuma ya visa hivyo kuna msuko mmoja, nao ni hatua sita za kutafuta hitilafu: kulibaini tatizo; kukisia chanzo chake, bila kudharau lililo wazi; kuujaribu ukisiaji huo; kupanga la kufanya na kulitenda; kuhakikisha kwamba mfumo mzima unafanya kazi, na kuweka kinga; na mwisho kuandika yaliyoonekana, yaliyotendwa na matokeo yake. Katika mfano wetu jibu ni (c), kwa kuwa kuuliza kumo katika hatua ya kwanza. Jibu (b) si baya. Ni la hatua ya sita. Anayelichagua hakukosa ujuzi wa kompyuta. Amekosa kuusoma msuko.

Hapa ndipo tunapodai kwamba mtihani huu, kwa sehemu isiyo ndogo, ni mtihani wa usomaji. Hata lugha yetu inashuhudia. Kitenzi *kuhakiki* tunachokitumia kwa kazi ya fasihi ndicho hicho hicho cha kuthibitisha ukweli wa jambo. Fundi anayeujaribu ukisiaji wake kabla ya kununua kipuri anahakiki, kama vile msomaji anavyohakiki fasiri yake kwa kurudi katika matini.

5. Miaka mingi ya majina

Sasa tutazame Kiswahili kimetoa msaada gani. Vyombo vya lugha vimefanya kazi kubwa, na si haki kuibeza. Baraza la Kiswahili la Taifa nchini Tanzania liliundwa mwaka 1967, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilianza miaka mitatu kabla ya hapo. Usanifishaji wa istilahi umekuwa sehemu ya shughuli zao. Mwaka 2004 ilitolewa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili kwa juhudi za wataalamu wa chuo hicho pamoja na washirika kutoka Sweden. Baada ya muda mfupi Microsoft nayo ilitoa tafsiri ya Kiswahili ya programu zake. Leo simu nyingi zinaweza kuwekwa katika Kiswahili.

Pamoja na hayo, mjadala wenyewe ulijikita mno katika nomino. Kompyuta iliitwa *ngamizi*, ikaitwa *tarakilishi*, ikabaki *kompyuta*. Kifaa cha kuelekezea kiliitwa *kipanya* na wengine wakakiita *puku*. Ubao wa herufi uliitwa *kibodi*, *kicharazio* na *baobonye*. Vijana wa Kenya walijifunza *tarakilishi* kwa ajili ya karatasi ya Kiswahili, wakatoka nje ya darasa wakasema *kompyuta*. Sisi hatuoni dhambi katika kukopa. *Meza* ilitoka kwa Wareno, *shule* kwa Wajerumani, *kitabu* kwa Waarabu. Hata neno *kabati*, linalofanana na jina la kituo chetu, ni la mkopo kutoka Kiingereza, na hakuna anayeliona geni anapoweka vyombo vyake ndani yake.

Kosa letu si kwamba tulikopa au tulibuni. Kosa ni kwamba tulidhani tukishalipata jina tumeipata lugha. Tafsiri za programu ziliweka maneno katika vibonye vya skrini: fungua, hifadhi, chapisha, futa. Hayo ni maneno ya mtu ambaye mashine yake ni nzima. Fundi huitwa mashine ikiwa mgonjwa, na kwa ugonjwa huo kibonye hakina neno.

6. Nguvu ya lugha ya karakana

Ilhali maneno yapo. Yako katika karakana na vibanda vya kutengenezea simu, ambako watu hawangoji orodha. Sikiliza jinsi mteja anavyoeleza shida: *haiwaki*, *inawaka lakini kioo ni cheusi*, *inawaka kisha inazimika*, *inajizima*, *inakwama*, *imeganda*, *inakokota*, *inapata moto*, *chaji haiingii*. Mtu asiyejali ataona hayo kuwa ni maneno ya mtaani tu. Mwanaisimu ataona mfumo.

Tuanze na *haiwaki* dhidi ya *inawaka lakini kioo ni cheusi*. Tofauti hiyo ndiyo njia panda ya kwanza katika uchunguzi wa kompyuta iliyokufa. Ya kwanza hutupeleka kwenye soketi, waya na kisanduku cha umeme. Ya pili hutuambia kwamba umeme umefika. Kwa hiyo tutazame kiwambo na waya wake, kadi ya picha, au vipande vya memori visivyokaa sawasawa. Mtihani hutenga kabisa hali hizi mbili, na mteja wa Kabati amekwisha zitenga kabla fundi hajafungua bisibisi.

Tuendelee na viambishi. Kitenzi *zima* kina kauli kadhaa: *inazimwa*, *inazimika*, *inajizima*. Katika kauli ya kutendwa yuko mtenda: kuna mtu anayeizima. Katika kauli ya kutendeka mtenda hatajwi: hali imetokea tu, huenda umeme umekatika au betri imechoka. Kiambishi *-ji-* kinasema kwamba mashine yenyewe ndiyo iliyotenda, na mara nyingi hiyo ndiyo hali ya joto kupita kiasi, pale mashine inapojilinda. Hatusemi kwamba kila mteja huzipima kauli hizi kwa makini. Tunasema kwamba sarufi imeziweka tayari, na fundi mwerevu anaweza kuuliza: “Mama, inazimika yenyewe, au kuna mtu anaizima? Stima ikiwepo pia inazimika?” Maswali hayo mawili ni hatua ya kwanza na ya pili ya msuko ule, nayo yamekaa vizuri kabisa katika Kiswahili.

Mfano wa mwisho ni printa ya leza. Kuchapa kwake huelezwa kwa hatua saba, na wengi hukariri majina saba ya Kiingereza kama wimbo. Lakini tukizieleza kwa vitenzi huwa kisa kinachofuatika: printa *huandaa* ukurasa, *huipa* ngoma yake chaji ya umeme, leza *huchora* picha kwa mwanga juu ya ngoma, wino wa unga *hunata* palipochorwa, unga *huhamia* kwenye karatasi, joto na mgandamizo *huuyeyusha na kuushika* hapo, kisha ngoma *husafishwa*. Mwenye kukifahamu kisa hiki, akiambiwa kwamba maandishi yanafutika kwa kidole, hahitaji kukumbuka wimbo. Atajua kwamba unga ulihamia lakini haukushikwa, na shida iko katika hatua ya joto.

7. Upungufu wake

Ingekuwa upofu kuisifu lugha ya karakana pasipo kuikosoa. Inayo mitego, na mitego hiyo huwaangusha watahiniwa.

Mtego wa kwanza ni *CPU*. Katika maduka na ofisi nyingi za Kenya neno hili hutumika kwa kasha zima la kompyuta, lile linalokaa chini ya meza. Katika mtihani ni prosesa peke yake, kipande kinachoenea katika kiganja. Mtahiniwa anayesoma kwamba CPU imepata joto na akafikiria kasha zima amepotea kabla ya kuanza.

Mtego wa pili ni *memori*. Mwenye simu akisema memori imejaa, ana maana kwamba picha na nyimbo hazina tena pa kukaa. Mtihani unatenga memori ya kazi, ambayo husahau yote umeme unapokatika, na hifadhi, ambayo hukumbuka. Dawa ya upungufu wa moja si dawa ya upungufu wa nyingine. Anayefuta picha ili mashine yenye memori ndogo ya kazi iache kukokota huenda akapoteza picha na mashine ikaendelea kukokota.

Mtego wa tatu ni *mtandao*. Neno hili hubeba intaneti, mawasiliano ya simu, Wi-Fi, na hata waya uliounganisha kompyuta mbili za chumba kimoja. “Mtandao umepotea” ni malalamiko manne yaliyovaa kanzu moja. Fundi asiyeitenganisha ruta ya ofisi na kampuni inayoleta intaneti hawezi kujua aanzie wapi.

Mtego wa nne ni *virusi*, neno ambalo limegeuka kuwa shetani wa kila ugonjwa. Mtihani unatofautisha programu inayojinakili, ile inayojifanya njema huku ikiwa mbaya, ile inayofunga mafaili na kudai fedha, na ile inayopeleleza. Tena si kila ugonjwa wa mashine unatokana na programu mbaya. Diski iliyochakaa pia huifanya mashine ikokote.

Tukiyaweka pamoja, picha inakuwa wazi. Lugha ya karakana ni imara katika vitenzi na dhaifu katika nomino. Na mipango ya istilahi ni imara katika nomino na imevisahau vitenzi. Kila upande una dawa ya mwenzake, lakini pande hizi mbili hazijakutanishwa.

8. Mwongozo na matini

Liko jambo ambalo walimu wa fasihi wanalijua vizuri kuliko walimu wa kompyuta. Katika shule zetu kuna mwanafunzi ambaye hukisoma kitabu cha mwongozo bila kuisoma riwaya yenyewe. Anaweza kutaja dhamira tano na sifa sita za mhusika mkuu, lakini umwekee mbele dondoo asilolitarajia, anyamaze. Matayarisho ya mtihani wa kompyuta yana miongozo ya namna hiyo, tena yana mibaya zaidi: orodha za maswali na majibu yaliyovuja, ambazo CompTIA inazikataza.

Wanaozilaani orodha hizo hutaja udanganyifu, na ni kweli. Ila mhakiki anapaswa kuuliza kwa nini zinapendwa. Mtu huikimbilia orodha pale matini inapokuwa imemfungia mlango. Kijana aliyesoma sura nzima kuhusu ofisi yenye zulia, kwa Kiingereza kizito, bila hata mfano mmoja wa mahali anapoishi, atavutwa na karatasi inayosema jibu la swali la kumi ni (c). Atakariri kwamba njia nambari 443 ni ya wavuti uliofichwa kwa usalama, na nambari 3389 ni ya kuiendesha kompyuta iliyo mbali. Nambari hizo ni kweli, wala hakuna njia ya kuzijua ila kuzikumbuka. Hatari ni pale ambapo hatua sita za uchunguzi nazo hukaririwa kama nambari. Cheti kitakachopatikana kwa njia hiyo kitamleta mtu kwenye kaunta ya duka pamoja na mteja aliye hai, na mteja huyo hana herufi (a) hadi (d).

9. Mapendekezo

Wako watakaosema kwamba, maadam mtihani ni wa Kiingereza, njia ya pekee ni kuongeza Kiingereza. Tunakubali kwamba mtahiniwa anahitaji Kiingereza cha mtihani. Kumficha jambo hilo ni kumdhulumu. Lakini kuzidisha lugha si lazima kuwe kuzidisha ufahamu. Wengine watasema dawa ni kuutafsiri mtihani wenyewe. Hilo si jambo lisilowezekana, kwani A+ imewahi kutolewa kwa Kijerumani na Kijapani. Hata hivyo, tafsiri hiyo ikitolewa leo kwa istilahi tulizo nazo, ingempa kijana wa Kabati karatasi iliyojaa majina asiyoyatumia. Kabla ya tafsiri kuna kazi ya kufanywa, nayo ni hii.

Kwanza, kila somo la hitilafu lianze kwa maneno ya mteja, katika Kiswahili, na pale inapofaa katika Kikamba. Wanafunzi wapewe lalamiko, waulizane, wakisie, wajaribu. Ndipo wapewe maneno ya Kiingereza yatakayowakabili. Daraja lijengwe kutoka upande wanakosimama.

Pili, maneno yanayoongoza maswali, yale ya kwanza, baadaye, bora na uwezekano, yafundishwe kama sarufi inavyofundishwa, kwa mazoezi mengi ya kulinganisha majibu yaliyo sahihi yote lakini yenye mahali tofauti katika msuko.

Tatu, mitego ya maneno iandikwe wazi. Ukurasa mmoja unaotenga CPU ya dukani na ile ya mtihani, memori na hifadhi, mtandao wa ndani na intaneti, una thamani kuliko orodha ndefu ya istilahi zisizo na mtumiaji.

Nne, idara za lugha zitoke zikakusanye lugha ya mafundi kama zinavyokusanya methali na nyimbo. Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, kilichopewa hati yake mwaka 2013, kiko Kwa Vonza, katika kaunti hiyo hiyo ya Kitui. Mwanafunzi wa isimu anayetafuta mada ya utafiti hana haja ya kwenda mbali. Kanzi ya vitenzi vya hitilafu, pamoja na kauli zake na mifano ya matumizi, ingewafaa walimu wa ufundi, watunga kamusi na wafasiri wa programu kwa mara moja.

10. Hitimisho

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pamoja na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Hadhi hiyo hupimwa mahali padogo, kama vile penye meza ya fundi. Ikiwa Kiswahili kitabaki kuwa lugha ya kulalamikia mashine, na Kiingereza kuwa lugha ya kuitengenezea, basi hadhi hiyo ni ya karatasi, na kijana wa Kabati ataendelea kulipia mara mbili mtihani ambao nusu ya jibu lake alikuwa nalo kinywani.

Tumeonyesha kwamba maudhui ya mtihani hayako mbali naye, kwamba fani yake inasomeka, na kwamba sarufi yake mwenyewe imekwisha mwandalia zana za uchunguzi. Kilichosalia ni kwa wenye majina na wenye matendo, yaani watunga istilahi na mafundi, kuketi meza moja. Mpaka watakapofanya hivyo, mwalimu wa darasa la jioni asingoje. Aanze somo la kesho kwa lalamiko moja la mteja, na awaache wanafunzi wake walihakiki.